Omweso Ndani ya Kilobaiti 48

Hotuba iliyotolewa Jinja mbele ya mafundi wa vifaa vya umeme, walimu na wanafunzi

Wazee wetu mliotangulia, walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo. Asanteni kwa kuja. Jumamosi ina shughuli zake, na mtu kufunga duka akaja kusikiliza habari za kompyuta ya mwaka 1982 ni jambo la kushukuru.

Nimekuja na kikapu. Ndani mna vitu viwili, na vyote nitaviweka hapa mezani ili anayetaka avishike baadaye. Cha kwanza ni kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, nilichoachiwa na nyanya yangu mzaa mama. Cha pili ni kompyuta ya ZX Spectrum. Ni nyeusi, ina vitufe vya mpira, na kwenye kona imechorwa mistari minne ya rangi. Inaingia ndani ya mkoba wa kawaida wa kina mama na nafasi inabaki.

Mara ya kwanza kuiona mashine ya aina hii nilikuwa na miaka kumi, mwaka 1987, tukikaa Walukuba. Mnaoijua Walukuba ya wakati ule mnakumbuka: mlango huu Mluo, ule Mgisu, unaofuata Mlugbara, kwetu baba Msoga na mama Mganda, na watoto wote tukikutana bombani kuteka maji lugha ni Kiswahili. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa amerudi kutoka Uingereza alikokimbilia miaka ya vita, na katika masanduku yake alileta Spectrum moja na redio kaseti. Jioni aliiunganisha na televisheni nyeusi na nyeupe, akatupanga watoto sita kwenye mkeka, akabonyeza kitufe cha kaseti.

Wale wa rika langu mnaijua ile sauti. Kwanza ni mlio mmoja mrefu, kama filimbi ya refa aliyekasirika. Halafu inakuja kelele ya kukwaruza, na kando ya skrini mistari inakimbia kutoka juu hadi chini. Ukisikia kelele hiyo unasikia programu yenyewe, baiti moja baada ya nyingine, yaani kipande kidogo kidogo cha maelezo ya kompyuta, ikitoka kwenye utepe na kuingia kwenye kumbukumbu. Programu kubwa ilichukua kama dakika tano. Umeme ukikatika dakika ya nne, mnarudi mwanzo. Na mara nyingi hata umeme haukukatika, ila sauti ya redio ilikuwa juu mno au chini mno, mashine ikaandika "R Tape loading error", na mwalimu akarudisha utepe nyuma bila kununa, akapunguza sauti kidogo, akaanza tena.

Siku moja alinikalisha mbele ya kibodi, akasema: "Leo wewe ndiye utakayeiambia kitu." Nikaandika mistari miwili. Wa kwanza ulisema chapa neno WALUKUBA. Wa pili ulisema rudi mstari wa kwanza. Skrini ikajaa jina la mtaa wetu kutoka juu hadi chini, halafu mashine ikasimama na kuniuliza kama iendelee kusogeza juu. Iliniuliza mimi! Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi, na sikumbuki kama kabla ya siku ile kulikuwa na kitu chochote chenye waya kilichowahi kusubiri jibu langu.

Nimekuja leo kuwaomba kitu kimoja, nacho nakisema mapema msije mkadhani ni hadithi ya utoto tu. Naomba muiandikie programu mpya mashine hii na wenzake wa rika lake.

Nasema "wenzake" kwa sababu ni ukoo mkubwa. Mwaka 1977 Marekani walitoa Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mwishoni mwa 1981 kampuni ya Acorn huko Uingereza ikatoa BBC Micro kwa ajili ya kufundishia watu kompyuta kupitia televisheni. Spectrum ikaanza kuuzwa Aprili 1982, na miezi michache baadaye ikaja Commodore 64, iliyouzwa kwa mamilioni kuliko zote. Wajapani wakaleta MSX mwaka 1983. Zote hizi zilikuwa kompyuta za nyumbani: unaiwasha, na kitu cha kwanza unachokiona ni nafasi tupu inayokusubiri uandike.

Kampuni zenyewe zimepita. Sinclair, watengenezaji wa Spectrum, waliuza biashara yao ya kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986. Commodore ilifilisika mwaka 1994. Prosesa iliyo ndani ya Spectrum, yaani chipu inayotekeleza programu, ni Z80 ya kampuni ya Zilog; ilizaliwa mwaka 1976, na mwezi Aprili 2024 Zilog ikatangaza kwamba inaacha kuitengeneza katika umbo lile tunalolijua la kuchomeka kwenye soketi. Miaka 48! Wapo kati yetu hapa wasiofikia umri huo.

Lakini mtu akiniuliza mashine inakufa lini, mimi sihesabu kuanzia siku kiwanda kilipofungwa. Nahesabu kuanzia siku ambayo hakuna tena anayeiandikia kitu kipya. Na siku hiyo kwa Spectrum haijafika, wala kwa Commodore 64 haijafika. Wiki hii tunayokaa hapa kuna mtu mahali fulani anaandika mchezo mpya wa kilobaiti 48, anagombana na nafasi, anafuta baiti tatu hapa apate baiti tatu kule.

Chukueni hili lubugo mlishike. Gome huchunwa wakati wa mvua, jeraha la mti hufungwa kwa majani ya migomba ili mutuba uvae gome jipya, halafu fundi hukaa kwenye kibanda kilicho wazi na kuligonga kwa nyundo za mti za aina mbalimbali mpaka lilainike na lipate rangi hii ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 UNESCO ililitangaza jambo hili kuwa urithi wa binadamu wote. Angalieni vizuri walichokitangaza: ni ule utengenezaji wa lubugo katika Uganda. Ni mkono unaojua nyundo ipi inakuja kwanza na ipi inafuata. Kipande hiki cha nyanya yangu nimekitunza miaka mingi kwenye sanduku, na kila mwaka nakikuta kimechakaa zaidi. Kama hakuna anayegonga jipya, mimi ninachotunza ni kumbukumbu ya kitambaa.

Wafini walilielewa hili kwa upande wa kompyuta. Mwaka 2020 waliiingiza kwenye orodha ya taifa lao ya urithi hai sanaa ya demo, yaani ile kazi ya kuandika programu fupi inayotoa picha na muziki papo hapo, mara nyingi kwenye Commodore 64 na mashine nyingine kongwe. Ujerumani wakafuata mwaka 2021. Kwangu mimi fundi wa lubugo kule Mawokota na kijana anayeandika demo kule Helsinki wameorodheshwa kwa sababu ileile.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua liko vichwani mwenu, maana kijana mmoja wa Kampala aliniuliza waziwazi. Aliniambia: "Mama, watu wanajenga akili bandia, na wewe unawafundisha watoto kompyuta isiyoweza hata kufungua barua pepe. Huoni unawarudisha nyuma?" Ni swali la haki na lilinikosesha usingizi. Nitalijibu kwa kitu kilicho mfukoni mwake.

Simu yake, kama simu zenu karibu zote hapa ndani, inaendeshwa na chipu ya ukoo wa ARM. Herufi ya kwanza ya jina hilo ilikuwa Acorn, kampuni ileile ya BBC Micro. Watu wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walitaka chipu mpya kwa ajili ya kompyuta zao zijazo. Kabla chipu haijatengenezwa, Wilson aliandika programu ya kuiiga, aone kama mawazo yake yanafanya kazi. Aliiandika kwa BBC BASIC, lugha ya kuandikia programu, kwenye BBC Micro. Chipu yenyewe ilipotoka kiwandani mwaka 1985 ilikuwa na transista kama 25,000 tu, na ikafanya kazi. Kwa hiyo babu wa simu ya kijana yule alianza kuishi kama programu ndani ya kompyuta ya nyumbani. Waliofanya kazi hiyo waliweza kwa sababu mashine waliyokuwa nayo waliijua yote, kuanzia kitufe hadi nukta ya mwisho ya skrini.

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Spectrum ina kumbukumbu ya kilobaiti 48. Karibu kila picha mnayotumiana kwa WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo. Kati ya hizo, baiti 6,912 ni skrini: 6,144 za nukta na 768 za rangi. Zinazobaki ni zako. Prosesa inapiga hatua milioni tatu na nusu kwa sekunde. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuijua mashine nzima kwa muhula mmoja, halafu ikamkatalia jambo na akajua kwa hakika imemkatalia kwa nini. Kwenye laptopu ya leo hata mimi siwezi kusema hivyo. Kuna tabaka juu ya tabaka, na programu ikigoma unazima, unawasha, unaomba Mungu.

Na kuna nchi iliyowahi kutuonyesha kwamba uhaba hauzuii. Miaka ile ya 1980 Yugoslavia iliweka vikwazo vya kuingiza kompyuta kutoka nje. Mhandisi mmoja, Voja Antonić, akabuni kompyuta inayoitwa Galaksija, na mwishoni mwa 1983 michoro yake ikachapishwa kwenye gazeti ili kila mtu ajijengee nyumbani. Aliokoa chipu kwa kuifanya Z80 yenyewe ichore picha ya skrini. Kumbukumbu ya kudumu ilikuwa finyu kiasi kwamba mashine ilikuwa na ujumbe wa makosa mitatu tu, kila mmoja neno moja. Maelfu ya watu waliagiza vifaa wakajenga. Na programu zilisambazwa vipi? Redio! Zoran Modli, mtangazaji wa Belgrade, alikuwa anapiga ile kelele ya kukwaruza hewani kwenye kipindi chake, wasikilizaji wanarekodi kwenye kaseti, wanapeleka kwenye kompyuta. Jamani, ni nchi gani inayojua redio kuliko Uganda? Mimi nikisikia habari hii moyo huuma kidogo, kwa sababu wakati ule sisi tulikuwa na redio, tulikuwa na kaseti, na tulikuwa na mafundi wa Katwe wanaoweza kutengeneza chochote wakionyeshwa mara moja. Mchoro ndio haukutufikia.

Leo mchoro umetufika, na zana pia. Hakuna anayelazimika kuandika programu nzima kwa vitufe hivi vya mpira. Unaandika kwenye laptopu ya kawaida, hata ya mtumba. Kuna z88dk, inayochukua programu iliyoandikwa kwa lugha ya C na kuigeuza iwe lugha ya Z80. Kuna cc65, inayofanya hivyo kwa mashine zenye prosesa za ukoo wa 6502: Commodore 64, Atari, Apple II. Kuna emuleta, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani kwa uaminifu mkubwa. Fuse kwa Spectrum, VICE kwa Commodore. Zote ni za bure na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi. Hata haki ya programu ya msingi ya Spectrum, ile iliyochomwa kwenye chipu ya ROM, haikuachwa gizani: mwaka 1999 Amstrad iliruhusu isambazwe pamoja na emuleta, mradi tangazo la haki miliki lisiondolewe. Wanaotunza zana hizi wengi wao hufanya hivyo baada ya kazi zao za mchana, usiku, bila malipo. Ninawaheshimu sana watu hawa.

Halafu wengi wenu mnadhani hamkuwahi kuwa na kompyuta ya namna hii nyumbani. Mnakumbuka ile "TV game" ya dukani, yenye kaseti za rangi ya manjano? Ile ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na ndani yake kuna prosesa ya ukoo wa 6502. Baadhi zilikuja na kibodi na BASIC yake. Zimelala chini ya vitanda mjini humu. Na cc65 inaijua mashine hiyo. Zileteni.

Nataka sasa niwasimulie kazi ya binti mmoja wa Senior 3 ambaye jina lake silitaji kwa sababu aliniomba hivyo, lakini yuko humu ndani na amekwisha kuinamisha kichwa. Alitaka kuandika omweso, ule mchezo wetu wa bao.

Omweso mnaujua: mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, kete 64. Skrini ya Spectrum imegawanywa katika visanduku, 32 kwa upana na 24 kwa urefu, na kila kisanduku kinabeba rangi mbili tu. Ndiyo kero kubwa ya mashine hii. Picha mbili zikipishana, rangi zinachafuana. Binti akakaa na karatasi ya mraba. Mashimo manane kwa upana, kila shimo visanduku vinne: 32 kamili. Mistari minne, kila mmoja visanduku vitano kwenda chini: 20. Vinabaki vinne vya kuandikia ujumbe. Bao lote likakaa kwenye skrini kana kwamba mashine ilitengenezwa kwa ajili yake, na kwa kuwa shimo haliingiliani na shimo, rangi hazichafuani hata mara moja. Nimeandika programu za Spectrum miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo.

Alianza kwa BASIC. BASIC ya Spectrum hutumia baiti tano kwa kila namba ya jedwali, basi mashimo 32 yakala baiti 160. Hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni mwendo: kete zilikuwa zinatambaa kama konokono. Akajifunza lugha ya mashine. Sasa kila shimo ni baiti moja, bao zima baiti 32. Mashimo 16 ya mchezaji ameyapa namba 0 hadi 15, na ili kete ikifika 15 irudi 0, anaongeza moja halafu anaondoa biti zote za juu, zile moja na sifuri za namba, kwa amri ya AND 15, na 16 inakuwa 0. Baiti tatu za programu, na kete inazunguka bao milele bila kuuliza swali lolote. Alipoligundua hilo alinipigia simu saa nne usiku.

Halafu kukatokea hitilafu. Kila baada ya michezo kadhaa, programu ilikuwa inaganda. Kete zinaendelea kutembea, lakini zamu haiishi. Alikagua msimbo wiki mbili, mstari kwa mstari. Aliapa kwamba hauna kosa, na mimi nilimwambia, mwanangu, msimbo una kosa, tafuta. Mimi ndiye niliyekosea. Alikwenda na daftari lake kwa mzee anayecheza chini ya mwembe karibu na soko, akampangia kete kama zilivyokuwa kwenye skrini, akamwomba acheze. Mzee akachota, akagawa, ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, akachota tena, akagawa, tena, tena, watu wakaanza kukusanyika, mpaka akaweka kete chini akacheka. Akasema bao linaweza kufanya hivyo. Ikitokea, wanakubaliana mchezo urudiwe. Msimbo wake ulikuwa sahihi. Omweso wenyewe una mizunguko isiyoisha, na mashine ya miaka arobaini ndiyo iliyomfikisha kwa mzee aliyejua. Akaongeza kihesabu: mizunguko ikipita kiasi fulani, programu inasema mchezo urudiwe, kama alivyosema mzee.

Jambo dogo la mwisho kuhusu programu hiyo, ambalo mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ujumbe wake uko kwa Kiswahili na kwa Luganda. Kiswahili kinaingia kwenye herufi za Spectrum bila shida. Luganda ina ŋ, na mashine ile ya Uingereza haikuijua. Lakini Spectrum inakuachia herufi 21 uzichore mwenyewe, kila moja kwa baiti nane, mstari kwa mstari, moja na sifuri. Binti akachora ŋ. Baiti nane, na kompyuta iliyobuniwa Cambridge ikaandika Luganda sawasawa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote ni mazuri. Mashine zenyewe zinazeeka. Utando wa kibodi hukauka na kupasuka mikunjo. Chipu nane za kumbukumbu ya chini kwenye Spectrum zinataka volti za aina tatu, 5, 12 na hasi 5. Ile hasi ikipotea, chipu zinaungua. Spectrum yangu ya kwanza niliiunguza kwa namna nyingine: nilinunua adapta ya volti 9 kwenye duka moja hapa mjini, kwenye kasha imeandikwa inafaa kila kifaa, nami sikupima. Spectrum inataka hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati. Niliona moshi mwembamba ukitoka kwenye matundu ya nyuma. Mafundi, nawasihi: mita kwanza, plagi baadaye, hata kama kasha limeandikwa nini.

Kuna wanaoijenga upya Z80 ndani ya chipu za FPGA, zile unazoweza kuzipanga ziwe mzunguko wowote unaoutaka. ZX Spectrum Next imejengwa hivyo. Hilo linanipa matumaini. Linaloniogopesha zaidi ni ukosefu wa karatasi zenye maelezo. Programu nyingi za zamani zimebaki zenyewe tu, msimbo wake wa asili umepotea, na anayetaka kuzirekebisha anafukua baiti kama mchimba kaburi. Na kwa upande wetu, maelezo karibu yote ni kwa Kiingereza. Binti yule alisoma kitabu cha Z80 akiwa na kamusi pembeni. Walimu wa Kiswahili mliopo hapa, nawageukia nyinyi. Tunahitaji maneno. "Rejista", ile nafasi ndogo ya kuwekea namba ndani ya prosesa, tunaichukua ilivyo au tunaiita kitu kingine? Ule mnara wa baiti ambapo ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, tuuite rundo? Mimi nasema rundo, lakini mimi ni fundi, sina mamlaka ya lugha. Njooni tubishane.

Ninachoomba ni hiki. Kila Jumamosi saa nane mchana ukumbi huu utakuwa wazi. Nimeshazungumza na wenye nyumba. Laptopu tatu zipo, zina emuleta na zana zote, na hazihitaji bando kwa sababu vyote vimo ndani. Spectrum yenyewe inakula chini ya wati 13, kwa hiyo umeme ukiondoka tuna paneli ya jua juu ya bati, ingawa televisheni itatusumbua kidogo. Anayeanza ataanza na programu ya mistari kumi. Huko Ulaya watu hushindana kila mwaka kuandika mchezo mzima kwa mistari kumi ya BASIC, kwa hiyo msiidharau. Kila kitakachoandikwa hapa, msimbo wake utachapishwa kwenye karatasi, wenye maelezo kwa Kiswahili, na nakala itakaa kabatini na nyingine itapewa yeyote anayeomba. Sitaki mtu mwaka 2060 afukue kazi ya binti huyu akiwa hana mchoro.

Nimesema mengi. Mwanangu, leta simu yako. Hapana, ile yenye tundu la hedifoni. Programu yake tumeigeuza kuwa sauti, iko kwenye simu kama wimbo. Waya huu unatoka kwenye simu unaingia hapa palipoandikwa EAR. Televisheni hii ya mgongo tumeiweka kwenye chaneli 36. Nabonyeza J, hapo inajiandika LOAD yenyewe, halafu alama ya kunukuu, mara mbili. Fundi, tafadhali zima feni kidogo, watu wa nyuma wasikie. Sauti ya simu iwe juu kabisa.

Sikilizeni huo mlio mrefu. Nyekundu na samawati, mnaona? Sasa bluu na manjano: hizo ni baiti zake zinaingia. Ni programu ndogo, haifiki dakika.

Haya, bao limekaa. Mashimo 32, kete 64. Mzee wangu wa chini ya mwembe, tumekuwekea kiti hiki cha mbele makusudi. Karibu kwenye kibodi. Mistari miwili ya chini ni yako, namba za mashimo zimeandikwa juu yake. Chagua shimo.